Modela ya gitaa huanzwa na spika

Ulikuwa msimu wa kaskazi, hoteli za Malindi zimejaa, nasi tunapiga kando ya bwawa la kuogelea. Katikati ya wimbo wa tatu fundi mitambo akaja mpaka chini ya jukwaa, akainua kichwa, akaniuliza, "Kaka, gitaa umelizima?"

Sikuwa nimelizima. Nilikuwa nalipiga mpaka vidole vinauma. Sauti ile niliitengeneza wiki mbili nzima, usiku, chumbani kwangu, hedifoni masikioni: besi nene, trebo inayometa, korasi pana (ile athari ya kufanya gitaa moja lisikike kama mengi), na mwangwi mrefu kama wa birika tupu. Chumbani ilikuwa tamu ya kuliza. Pale bwawani besi yake ilimezwa na gitaa la besi, trebo ikamezwa na matoazi ya dramu, mwangwi ukaenda na upepo, na sauti ya kati, ambayo ndiyo gitaa lenyewe, nilikuwa nimeipunguza kwa mkono wangu mwenyewe.

Mashine haikuwa na kosa. Mimi ndiye niliyeanza na amplifaya, nikaongeza pedali moja baada ya nyingine, spika nikaikumbuka mwisho. Tangu siku hiyo naanza huku mwisho, kwenye spika, kisha narudi nyuma hadi kwenye nyuzi. Ndivyo nitakavyoeleza hapa.

Mashine yenyewe inafanya nini

Modela ni kompyuta iliyovishwa nguo za pedali. Inapokea umeme mdogo unaotoka kwenye pikapu za gitaa, yaani sumaku zinazonasa mtetemo wa nyuzi, inaupima mara 44,100 au 48,000 kwa kila sekunde, inaugeuza kuwa namba, halafu inakokotoa: amplifaya fulani ya valvu ingeufanya nini, spika fulani ingeutoa vipi, maikrofoni fulani ingeusikia vipi. Roland walitoa VG-8 mwaka 1995, na Line 6 wakatoa POD mwaka 1998, ile nyekundu yenye umbo la figo. Leo ziko ndogo kama Zoom G1 Four na Boss GT-1, ziko na kubwa kama Helix, Quad Cortex, Kemper na Fractal. Majina ya vitufe hubadilika, kazi ni ile ile, na haya ninayoeleza yanafaa zote.

Kwetu pwani faida yake ya kwanza ni uzito. Fender Twin Reverb ina kilo 29 hivi. Ishushe kwenye gati la Lamu, mji ambao usafiri wake ni miguu na punda, uipandishe mtaa wa Mkomani kwa vichochoro ambavyo punda wawili wakikutana mmoja hungoja, halafu uniambie kama kesho utarudia. Modela inaingia kwenye begi pamoja na kanzu ya harusini.

Hatua ya 1: Jua sauti yako inatokea wapi

Kabla hujagusa kitu, fuata waya kwa macho. Ukitoka kwenye mashine unakwenda wapi? Hapa ndipo sauti mbaya nyingi zinapozaliwa, na watu huzunguka kutafuta dawa kwenye ekwalaiza, yaani vitufe vya kupandisha na kushusha besi, kati na trebo.

Spika ya gitaa, ile ya inchi 12 iliyo ndani ya amplifaya, si spika ya muziki wote. Ikifika hezi 5,000 hivi, yaani mitetemo 5,000 kwa sekunde, inaanza kuporomoka, na chini ya hezi 80 haina kitu cha maana. Spika kubwa za ukumbini hupanda mpaka karibu hezi 20,000. Ovadraivu, yaani sauti ya amplifaya iliyosukumwa mpaka ikakwaruza, ikipitishwa moja kwa moja kwenye spika hizo, huku juu hutoka mchakacho ambao spika ya gitaa isingeutoa kamwe. Utasikia nyigu aliyefungiwa kwenye kopo. Ndiyo maana mashine ina kipengele cha kabineti: kinaiga ile spika ya inchi 12 na maikrofoni iliyowekwa mbele yake.

Basi, ukienda kwenye mikseta au kwenye spika ya ukumbini yenye umeme wake, kabineti iwashwe. Ukiingia kwenye amplifaya ya gitaa, kabineti izimwe, kwa sababu spika halisi ipo tayari. Ukiiacha utakuwa umepita kwenye spika mbili na sauti itafunikwa kama iliyo chini ya blanketi. Na ukiingia kwa mbele, kwenye tundu la kawaida la gitaa, zima na ile amplifaya ya kuigiza pia, utumie pedali tu. Amplifaya yako ikiwa na tundu la kurudishia huko nyuma, ingia hapo: utairuka sehemu yake ya mbele, na ile ya kuigiza unaweza kuiwasha.

Yaliyobaki kwenye hatua hii ni mafupi lakini usiyaruke. Kwenye mipangilio ya jumla, chagua kiwango cha laini ukienda kwenye mikseta, na kiwango cha gitaa ukienda mbele ya amplifaya. Ukiwa na waya mmoja tu, tumia tundu la kushoto, lile lililoandikwa pia mono. Mashine nyingi zikiona hilo peke yake limechomekwa huunganisha pande zote mbili. Na ukitoka kwa waya wa XLR, ule wa pini tatu kama wa maikrofoni, mwombe fundi azime zile volti 48 za maikrofoni kwenye chaneli yako. Zipo mashine zinazozivumilia na zipo zisizozitaka. Kijitabu chake kitakuambia.

Hatua ya 2: Kabineti kabla ya amplifaya

Hapa kaa. Ukiwa na saa moja ya kutengeneza sauti, dakika arobaini zitumie hapa.

Mgeni wa modela hushindana na amplifaya: anajaribu hii, anajaribu ile, majina sitini. Kumbe tofauti kati ya amplifaya mbili safi mara nyingi ni ndogo kuliko tofauti kati ya kabineti mbili. Weka amplifaya moja safi, vitufe vyote katikati, iache hivyo. Badilisha kabineti tu, usikie.

Kabineti yenye spika moja ya inchi 12 na mgongo wazi hutoa sauti nyepesi, yenye hewa. Yenye spika mbili inajaza zaidi. Yenye nne na mgongo uliofungwa ina kifua, nzuri kwa roki, ila kwenye bendi yenye kinanda na besi hugombania nafasi na wenzake. Mimi kwa muziki wetu wa hoteli, yaani rumba, chakacha, bango na zile nyimbo za watalii, sijawahi kuhitaji ya spika nne. Mwenye bendi ya roki asinisikilize.

Kisha maikrofoni. Karibu kila mashine ina mfano wa Shure SM57, iliyotoka mwaka 1965 na ambayo mpaka leo ndiyo huwekwa mbele ya amplifaya jukwaani. Ina mwinuko kwenye sauti za juu ya kati, kwa hiyo gitaa linatokeza kwenye bendi. Za utepe ni laini, za kiza kidogo. Zinafaa gitaa likiwa kali kupita kiasi.

Lakini kitufe chenye nguvu kuliko vyote, na ambacho wengi hawakigusi, ni mahali pa maikrofoni. Ikiwa katikati kabisa ya spika, sauti ni kali, inachoma. Ukiisogeza kuelekea ukingoni inapoa. Ukiirudisha nyuma besi inapungua, kwa kuwa maikrofoni za aina hii huongeza besi zikiwa karibu sana na kitu. Mashine ikikuruhusu, anza sentimita chache nje ya kitovu, umbali wa sentimita tano hivi. Ukijikuta unapunguza trebo kwenye amplifaya kila mara, acha amplifaya, sogeza maikrofoni.

Mashine za bei ya kati na za juu hupokea pia faili za IR, yaani picha ya sauti ya kabineti halisi iliyopimwa studio. Zinapatikana za bure na za kuuzwa. Usipakue mia mbili. Chukua tano, zipigie wiki nzima, futa tatu. Angalia pia kiwango cha faili: mashine inayofanya kazi kwa hezi 48,000 ikipewa faili la 44,100 bila kulibadilisha, sauti huhama kidogo na hutajua kwa nini.

Sasa mbinu niliyoichelewa kuijua. Tafuta lupa, ile pedali inayorekodi kipande na kukirudia, uiweke mwanzo kabisa wa mnyororo wa pedali, kabla ya kila kitu. Rekodi mizunguko minne ya wimbo unaoupiga kweli: koodi kidogo, solo kidogo, nyuzi nene na nyembamba. Iache ijizungushe. Weka gitaa chini, nenda ukasimame mbele ya spika kama msikilizaji, ndipo ubadilishe kabineti. Mikono yako haipigi, kwa hiyo masikio hayadanganywi na vidole. Maana ukipiga mwenyewe, mkono hujirekebisha bila kukuuliza, na kila kabineti inaonekana nzuri.

Maliza kwa vichujio viwili. Kata chini kwenye hezi 100 hivi, kata juu kati ya 6,000 na 7,000. Uzi mnene wa gitaa, ile E ya chini, ni hezi 82, hivyo utaona kama unajikata mwenyewe. Piga peke yako na sauti itapungua kifua. Piga na bendi utaona mpiga besi anakuangalia kwa shukrani.

Hatua ya 3: Volyumu ya kweli

Mwaka 1933 Fletcher na Munson, watafiti wa Bell kule Marekani, walichora jinsi sikio linavyosikia viwango mbalimbali vya sauti. Sauti ikiwa ndogo, sikio letu ni zito kusikia besi, na sauti kali za juu nazo hupungua. Sauti ikikua, zote mbili zinapanda zenyewe. Hiyo ndiyo siri ya aibu yangu ya bwawani. Chumbani, kwa sauti ya chini, nilijaza besi na trebo ili kuziba pengo la masikio yangu, nikaishusha ya kati. Jukwaani pengo lile halikuwapo tena.

Kwa hiyo sauti ya jukwaani itengenezwe kwa volyumu ya jukwaani. Najua tunavyoishi. Nyumba za mitaa ya Barani na Maweni zimepakana, majirani wana watoto, na mtu hawezi kufungulia spika saa nne za usiku. Mimi huenda mapema mahali tunapopiga, saa tisa alasiri, kabla wageni hawajatoka ufukweni, na nusu saa inatosha. Adhana ikianza nanyamaza, nafuta jasho, naendelea baadaye. Usipopata ukumbi, omba dakika kumi kabla ya mazoezi ya bendi. Kwenye simu weka programu ya kupima desibeli. Si sahihi sana, ila ikisoma kati ya 85 na 95 pale unaposimama, uko kwenye uwanja wa kweli.

Hedifoni zibaki za kujifunzia nyimbo na kupanga mpangilio wa pedali. Mizani ya besi, kati na trebo usiifunge ukiwa ndani ya hedifoni.

Hatua ya 4: Nyuzi, pikapu, na tundu la kuingilia

Kwa haraka. Chumvi ya hewa yetu hula nyuzi, na kusi ikivuma ndiyo zaidi. Uzi wenye kutu hauna trebo, na hakuna mashine itakayoirudisha. Futa kwa kitambaa kikavu kila ukimaliza kupiga, weka gitaa kwenye mfuko wake badala ya kulitundika dirishani.

Pikapu zikiwa karibu mno na nyuzi, sauti hukwaruza hata kwenye amplifaya safi. Mashine nyingi zina kipimo cha kuingilia au taa nyekundu. Piga kwa nguvu zako zote, pikapu kali kuliko zote ikiwa imewashwa. Taa ikiwaka, shusha pikapu au punguza kiwango cha kuingilia. Taa isiwake hata mara moja, kwani mkwaruzo wa dijitali hauna utamu wa valvu.

Na kitufe cha volyumu cha gitaa lenyewe kitumie. Tengeneza sauti kikiwa kwenye 8 badala ya 10, ubaki na akiba ya kupandia.

Hatua ya 5: Amplifaya

Sasa ndipo uchague. Kwa gitaa la rumba na benga mimi hukimbilia mbili. Ya kwanza ni mfano wa Roland JC-120, iliyotoka mwaka 1975: haina valvu, ni ya transista, safi kama maji ya dafu, haikwaruzi hata ukiisukuma. Ya pili ni mifano ya Fender ya miaka ya 1960, Deluxe Reverb au Twin Reverb. Hizi zina besi na trebo za kutosha, katikati kuna bonde. Bonde hilo likikutana na mpiga kinanda mwenye mikono mizito, gitaa linazama. Kwa Fender anza hivi: besi 3, kati 7, trebo 5. Kwa JC-120 anza na kila kitu 5, kisha shusha trebo mpaka sauti za juu ziache kuchoma.

Kuna jambo moja kuhusu JC-120 linalowapotosha watu. Korasi yake maarufu inatokana na spika zake mbili: moja inatoa sauti kavu, ya pili inatoa sauti inayoyumba, na zinachanganyikia hewani kabla ya kukufikia. Hoteli zetu nyingi zina mikseta iliyounganishwa mono. Zikichanganyikia ndani ya waya mmoja badala ya hewani, korasi ile inageuka, inakuwa ya kuyumbayumba na nyembamba. Kwa mono, tumia amplifaya bila korasi yake, uweke pedali ya korasi ya mono mbele.

Nyimbo za watalii, zile wanazoomba wakiwa na glasi mkononi, nazipigia mfano wa Vox AC30 ukiwa umesukumwa kidogo tu. Gaini, yaani kiasi cha kuisukuma amplifaya, iwe mahali ambapo ukipiga taratibu ni safi na ukikaza mkono inaanza kunguruma. Zaidi ya hapo unajidanganya. Gaini nyingi husikika kubwa ukiwa peke yako na ndogo ukiwa na bendi, kwa sababu inabana kila noti na kufuta mshindo wa kidole.

Mwenye kupiga peke yake sehemu zaidi ya moja afikirie hivi: kwenye rumba ya Kongo kuna gitaa la ridimu, kuna mi-solo, kuna solo, watu watatu. Hotelini Malindi watu hao wote watatu ni wewe. Nina preseti mbili, yaani mipangilio iliyohifadhiwa kwenye mashine, zenye amplifaya ile ile. Ya mi-solo nimeinua hezi 800 kidogo, ya solo nimeinua kati ya 1,500 na 2,000, desibeli mbili au tatu, si zaidi. Msikilizaji anaona kama kaingia mtu mwingine.

Hatua ya 6: Pedali, chache

Kompresa, pedali inayobana sauti kubwa ili zikaribiane na ndogo, ndiyo tui la muziki huu. Likizidi, mchuzi wote ladha moja. Kwa vidole vya benga vinavyokimbia, uwiano wa 3 kwa 1 au 4 kwa 1, mwanzo wa kubana uchelewe milisekunde 15 hadi 30 ili mshindo wa kidole upite kwanza, na sindano ishuke desibeli tatu hadi tano pale unapopiga kwa nguvu. Iweke mwanzo wa mnyororo.

Korasi: mwendo wa polepole, kina kidogo. Ukiisikia wazi kuwa ni korasi, punguza.

Dilei, pedali inayorudia noti baada ya muda kidogo, inahitaji hesabu ndogo na watu huiogopa bure. Gawa 60,000 kwa mwendo wa wimbo. Mwendo ukiwa mipigo 120 kwa dakika, mpigo mmoja ni milisekunde 500, nusu yake 250, robo tatu yake 375. Hiyo ya 375 ndiyo inayopendwa, inakimbizana na vidole. Lakini kwenye chakacha usiitumie. Chakacha mpigo wake unagawanyika tatu, na robo tatu itakupeleka upande na dramu upande. Chukua mpigo mkubwa, tuseme 100 kwa dakika, ni milisekunde 600. Gawa kwa tatu upate 200, au chukua theluthi mbili, 400. Hapo dilei inacheza na ngoma. Mchanganyiko asilimia 15 hadi 20, marudio mawili au matatu.

Riveba, yaani mwangwi wa chumba, iangalie kwa mahali. Kwenye nyumba za mawe za Lamu, zile za kuta nene za matumbawe na chokaa, chumba kina mwangwi wake, kwa hiyo nazima kabisa. Ufukweni hakuna ukuta wa kurudisha kitu. Naweka ya springi asilimia 20.

Kuhusu taarabu, niseme kidogo kwa kuwa naulizwa. Kwenye harusi moja Amu, yaani Lamu, mpiga udi hakufika na nikaambiwa, "Mjomba, wewe lijazie hilo pengo." Udi una noti zilizo kati ya noti, na gitaa lenye vigawanyo vya chuma haliwezi kuzitoa bila kuvuta uzi. Ila rangi yake inakaribiwa: pikapu ya shingoni, toni ya gitaa ishushwe mpaka 3, kiganja kiguse nyuzi kidogo karibu na daraja, kichujio cha juu kishuke mpaka hezi 3,500, hakuna korasi, hakuna dilei, piga kwa plektra kwa kushuka tu. Wazee walicheka. Bibi mmoja alitikisa kichwa, sikujua kwa kusifu au kwa kunihurumia.

Hatua ya 7: Sawazisha preseti zako

Preseti za kiwandani zimetengenezwa zivutie dukani: stirio pana, mwangwi mwingi, kila moja na volyumu yake. Ukitoka ya safi kwenda ya ovadraivu, meza ya mbele inaruka.

Chukua ile safi kama kipimo. Weka kipande cha lupa, sikiliza safi, sikiliza ya pili, shusha au pandisha mpaka masikio yaone ziko sawa, si mpaka sindano ya mikseta ione. Sindano inadanganya hapa: sauti safi ina vilele virefu, ya ovadraivu imebanwa tambarare, kwa hiyo sindano zikiwa sawa ovadraivu husikika kubwa zaidi. Ya solo iongezewe desibeli 3 mwisho wa mnyororo, kwa kitufe cha volyumu. Ukiiongezea gaini itajibana badala ya kukua.

Kisha usiguse preseti tena kwa ajili ya ukumbi. Ukumbi wenye besi nyingi unarekebishwa kwenye ekwalaiza ya jumla ya mashine, ile inayogusa preseti zote mara moja. Kesho ukihama ukumbi unairudisha sifuri.

Hatua ya 8: Mngurumo na umeme

Umeme wetu ni volti 240, hezi 50. Mngurumo unaousikia ni hizo 50, na 100 iliyo juu yake. Kwanza zunguka na gitaa ukiwa umesimama: ukipungua ukigeukia upande fulani, unaingia kwa pikapu za koili moja. Sogea mbali na taa za rangi na transfoma, au tumia pikapu ya koili mbili. Usipobadilika hata ukizunguka, shuku mzunguko wa ardhi, yaani vifaa vilivyounganishwa na ardhi kwa njia mbili, hasa kama kompyuta iliyochomekwa chaja imeunganishwa na mashine kwa waya wa USB. Chomoa chaja usikie. Ukinyamaza umempata mwizi. Kwenye mikseta tumia kisanduku cha DI, kile kinachokaa kati ya mashine na mikseta, bonyeza kitufe chake cha kutenganisha ardhi.

Kamwe usivunje pini ya ardhi ya plagi ili mngurumo uishe. Jukwaa la kando ya bwawa, miguu mitupu, sakafu ya maji, maikrofoni ya chuma mdomoni: mngurumo ni afadhali.

Geti ya kelele, ile inayofunga sauti usipopiga, iweke mbele, kizingiti chake kiwe juu kidogo tu ya mngurumo. Ukiona mkia wa noti unakatwa, umepitiliza.

Adapta nyingi za mashine ndogo ni volti 9 zenye hasi katikati, lakini milliampea zinatofautiana sana, na ya pedali ya kawaida inaweza isitoshe; mashine itawaka kisha ijizime katikati ya wimbo. Soma chini ya mashine yako, ununue inayofikia au kuzidi milliampea hizo, volti zikiwa zile zile. Jenereta ya hoteli ikipokea mzigo wa jiko, umeme huyumba, hivyo beba kinga ya umeme, au UPS ndogo kama bendi inayo.

Kabla hujafunga begi

Hifadhi nakala ya preseti zote kwenye kompyuta, na nyingine kwenye simu. Halafu chukua daftari uandike kwa kalamu ile preseti moja unayoitegemea: kabineti gani, maikrofoni iko wapi, besi, kati, trebo, vichujio viwili, milisekunde za dilei. Mashine yangu iliwahi kunywa maji ya chumvi kwenye boti kati ya Mokowe na Lamu, saa tatu kabla ya harusi. Niliazima ya kijana mmoja wa Langoni, aina nyingine kabisa, menyu zake sizijui. Kwa lile karatasi nilikuwa tayari kabla pilau haijapakuliwa.